Sababu ya Kufungua Mlango

Tegeni masikio, nitegue ulimi. Palikuwa na Mwanaidi, ambaye mdogo wake Shebe alipotelea msituni. Adhuhuri moja sauti ya Shebe ikaita mlangoni.

“Dada, fungua, ni mimi.”

“Umesema tu. Nitajuaje?”

“Wallahi, ni mimi.”

“Umeapa tu. Nitajuaje?”

“Usipofungua, utajuta.”

“Sasa unatisha. Nipe sababu ya kukuamini.”

“Kwa kuwa nina kovu kiganjani.”

“Hiyo ni sababu. Pitisha mkono dirishani nilione hilo kovu.”

Ukaingia mkono wa manyoya, wenye makucha, usio na kovu. Mwanaidi akaupiga kwa mchi. Kumbe ni zimwi lililommeza Shebe msituni! Likanguruma, likamtapika Shebe mzima, likatoroka.

“Dada, fungua,” Shebe akalia.

Mwanaidi, machozi yakimtoka, akajibu, “Mkono kwanza.”

Akaliona kovu, akafungua. Nami hapo nafunga kinywa.