Kamba ya Kiunoni mwa Sebarua

Kitendawili! Nina mfuko, asubuhi naujaza, adhuhuri mtupu. Jembe nimelisahau mtoni, kisu nimekisahau shambani, lakini mfuko huo sijausahau mahali popote. Ni nini? Mnatazamana tu. Haya, nipeni mji. Mmenipa Handeni? Vema, wajukuu zangu, Handeni ndiko tunakokwenda, na jibu mtalikuta huko huko.

Asubuhi mmemsikia mama yenu akimwambia yule fundi wa mabati, "Msahaulifu hasahau tumbo lake," mkacheka mpaka mkashika mbavu. Sasa mnaniuliza neno hilo limetoka wapi. Halikutoka kwenye kicheko. Methali hii ilianza hivi.

Zamani, kabla maji ya bomba hayajafika kwetu, walikuwapo wachimba visima wawili, Mhina na Sebarua. Mhina ndiye aliyeshuka chini na sururu. Sebarua alikaa juu akivuta ndoo za udongo. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka sita, na Mhina alimpenda mwenzake. Sebarua alikuwa mtu wa maneno matamu, na ukiwa peke yako ndani ya ardhi, sauti ya mtu anayekuchekesha ni kama mwanga.

Wachimba visima hao walikuwa na desturi yao. Ncha ya juu ya kamba hawakuifunga kwenye mti. Mtu wa juu alijifunga mwenyewe kiunoni, mafundo mawili, na hayafunguliwi mpaka mwenzake atoke. Walisema mti hausikii mtu akiita.

Basi wakaitwa na kijiji kimoja upande wa Handeni, mwendo wa siku tatu kwa miguu. Watu wa huko walikuwa wakinywa maji ya dimbwi pamoja na ng'ombe, na mwaka ule watoto walikuwa wakiharisha na kuzikwa.

Siku ya kwanza ya safari, jua halijapanda sana, Sebarua akajipiga paji la uso.

"Mhina wee! Kibatari!"

Kibatari ndicho kilichotangulizwa kisimani kabla ya mtu. Kikizimika, chini kuna hewa mbaya, hashuki mtu.

"Kiko wapi?"

"Kwangu, nyuma ya mlango."

Akarudi Mhina, maana Sebarua alisema ana malengelenge mguuni. Alipofika tena, jua linaelekea kuzama, alimkuta mwenzake amejinyoosha kivulini, maganda ya mihogo ya kuchoma yamemzunguka. Siku ya pili ikasahauliwa sururu mahali walipovukia mto. Akarudi Mhina tena.

"Kichwa changu chujio, ndugu yangu," Sebarua akasema. "Hata chenyewe ningekiacha njiani, bahati yangu kimeshikizwa shingoni."

Mhina akacheka. Unamfanyaje mtu kama huyo? Aliona pia kwamba kile kifurushi cha nyama kavu, alichofungiwa Sebarua na mkewe, hakikubaki popote. Kililala naye, kikaamka naye. Aliliona hilo, akalipita.

Kijijini walipokelewa na mjane mmoja, Bi Mamkiwa, aliyekuwa amezika wajukuu wawili mwaka huo huo. Yeye ndiye aliyewapikia. Wakachimba siku tisa, vumbi tupu. Siku ya kumi udongo ukaanza kupanda na unyevu, na watu wakaupaka usoni kwa furaha. Bi Mamkiwa akaamuru mbuzi wake achinjwe, na hakuwa na mwingine.

Mchana ule Mhina alikuwa chini, pima saba. Harufu ilimfikia hata yeye.

"Sebarua! Huko juu kuna nini?"

"Mbuzi, bwana! Ananiita kwa jina langu na la baba yangu!"

"Mwambie asubiri, tumekaribia."

"Mbuzi aliyekwisha kaangwa hajui kusubiri!"

Mhina akacheka peke yake mle shimoni, akanyanyua sururu. Akapiga mara moja, mara mbili. Mara ya tatu jicho la maji likafunguka. Yakaja baridi, yakafunika vidole, yakafunika vifundo vya miguu.

"Maji! Sebarua, maji!"

Kimya. Akadhani mwenzake amekimbia kuwaita watu. Maji yakafika magotini. Akaivuta kamba kwa nguvu ili avutwe, na kamba ikaja. Ikaja yote, duara juu ya duara, ikamwangukia mabegani. Akaipapasa mpaka akaipata ncha. Haikuwa imekatika. Ilikuwa na mikunjo ya mafundo mawili yaliyofunguliwa kwa vidole.

Hapo ndipo Mhina alipoogopa. Akaita jina la Sebarua, akaita jina la mama yake. Ukuta wa mchanga ukameguka, jiwe likaja nalo, likambana mguu.

Kule jikoni Bi Mamkiwa alikuwa akiongeza mchuzi.

"Mwenzako mbona haji kula?"

"Anakuja, mama," Sebarua akajibu, mdomo umejaa.

"Anakujaje? Nani anamvuta?"

Tonge likamponyoka mkononi. "Yallah! Nimesahau!"

Watu wakakimbilia kisimani na kamba nyingine, wakamtoa maji yakiwa kifuani. Mguu ulikuwa umevunjika mahali pawili, na mtu wa kuunga mifupa alipouona akageuka kando. Sebarua akapiga magoti, analia machozi ya kweli.

"Nilisahau, ndugu yangu. Unanijua nilivyo. Nilisema nionje tu nirudi."

"Kibatari ulisahau," Mhina akasema. "Sururu ulisahau. Lakini mafundo mawili, Sebarua, vidole vyako vililegeza la kwanza, vikalegeza la pili. Hivyo navyo vilisahau?"

Sebarua akaificha mikono nyuma.

"Nijibu moja tu. Tangu tujuane, umewahi hata siku moja kusahau kula?"

Watu wakasubiri, Bi Mamkiwa amesimama na upawa wake wa mchuzi mkononi, na Sebarua hakujibu.

Kijiji kile kikapata maji matamu, na watoto wakaacha kufa. Mhina akarudishwa kwao kwa machela, akabaki na mguu mmoja wa kusimamia. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na miwili, na kazi aliyoijua ni moja tu.

Mvua za mwaka mmoja zikapita ndipo Sebarua alipobisha hodi. Alikuwa amenenepa.

"Nimepata mwenzangu mwingine," akasema, akiutazama mlango. "Tumeitwa mbali. Nimekuja kuazima ile sururu."

"Iko ukumbini, ichukue. Mimi sina kazi nayo," Mhina akasema. "Ila swali langu hujalijibu."

Mke wa Mhina, kwa kuwa mgeni ni mgeni, alikuwa ameshaweka ugali na mlenda mbele yao. Hakumtazama Sebarua usoni. Sebarua akanawa. Akamega tonge, akachovya, akatafuna, akameza. Mhina hakugusa chakula, alikuwa anamwangalia. Sebarua akautazama mkono wake, ambao tayari ulikuwa umerudi kwenye sahani, na hapo akajibu.

"Sijawahi, Mhina. Hata siku moja. Msahaulifu hasahau tumbo lake."