Bi Mwanamvua na Kitabu Kilichofukuza Ndege

Paukwa.

Pakawa.

Mbona mnaitikia kama mmelala njaa? Paukwa tena.

Pakawa.

Haya. Kisa hiki hamtakiamini, nawaambia mapema. Nyinyi mliokaa shule miaka yote ndio kabisa. Mimi shule niliiacha njiani, lakini kisa hiki nakijua kuliko mwalimu wenu. Asiyeamini ainuke aende zake, ila mkeka aubakishe.

Kale hasa, katika kijiji cha wakulima wa mpunga, aliishi bibi mmoja, Bi Mwanamvua. Mfupi, mcheshi, na akikutazama unakumbuka kosa ulilokwisha lisahau.

Kijiji hicho kilikuwa na desturi yake. Mpunga ukianza kuiva, chuo kinafungwa. Watoto wanapanda madungu, yale majukwaa ya miti katikati ya mashamba, kuamia ndege. Kutwa ni kupiga kelele na kurusha mawe kwa kombeo. Haaa, fyuu. Haaa, fyuu. Kwelea wanaruka huku, wanatua kule. Mavuno yakiisha, watoto wanarudi chuoni sauti zimekauka, na vichwa vimekauka pia. Herufi zote zimebaki shambani.

Mwaka ule Mwalimu Kibwana akachoka. Akasema barazani, mbele ya wazee, "Kila mwaka naanza upya kama sijawahi kufundisha. Safari hii wakirudi weupe, nafunga mzigo wangu, naondoka."

Bi Mwanamvua akashtuka. Yeye alijua kusoma ukubwani, kwa kufundishwa na marehemu mumewe, na hakusahau uchungu wa kuikodolea macho karatasi usiyoielewa. Chuo kikifa, wajukuu wa kijiji kizima wataupata uchungu uleule. Akakohoa kidogo.

"Basi wasome hukohuko madunguni," akasema.

Mzee Mwinyikondo, mwenye shamba kubwa kuliko wote, akacheka. "Dada, na ndege nao tuwape vitabu?"

"Ndege niachie mimi. Wakila shamba la mtu kwa sababu ya kusoma, mtu huyo achukue langu."

Wazee wakakubali. Shamba lile ndilo lililomlisha, hakuwa na jingine.

Mwalimu akagawa vijitabu vya chuo. Bi Mwanamvua akakata mpunga mchanga, akaukaanga, akautwanga, twi, twi, twi, ukawa pepeta. Akachanganya nazi na sukari. Akapita chini ya madungu na ungo wake.

"Wajukuu zangu, anayemaliza ukurasa, konzi moja ya pepeta. Anayemaliza kurasa mbili, konzi mbili."

Mtoto gani ataikataa pepeta? Wewe pale nyuma, unameza mate nakuona. Wakasoma. Wakasoma kimyakimya, macho yanakimbia mistarini kama kuku anayefukuzwa, ukurasa huu, ukurasa ule, mkono chini unadai. Shamba likanyamaza. Hakuna haaa, hakuna fyuu.

Na kwelea si wajinga. Puruuu. Wakashuka kama wingu juu ya shamba la Mzee Mwinyikondo.

Bi Mwanamvua akatupa ungo, akakimbia huku anapiga makofi. Ndege wakaondoka, lakini kona nzima wameondoka nayo. Akapanda dungu la karibu, na magoti yake hayo ya uzee. Juu alikaa Siwema, mjukuu wa Mwinyikondo mwenyewe, mdomo umejaa.

"Siwema, umesoma nini leo?"

"Kurasa nyingi, bibi."

"Zinasema nini?"

Siwema akatafuna polepole. "Sijui. Nilikuwa naziwahi."

"Na mbona husomi kwa sauti?"

"Kwa sauti nachelewa, bibi. Shomari wa dungu lile atanimalizia pepeta."

Bi Mwanamvua akakaa hapo hapo. Kosa halikuwa la mtoto. Yeye ndiye aliyelipia mbio, akaletewa mbio.

Akashuka, akaenda nyumbani, akatoa kitabu chake cha pekee, alichoachiwa na mumewe. Kilikuwa kisa cha binti aliyemficha simba ghalani kwa baba yake. Akakata uzi ulioshona kurasa, kwacha. Kila dungu akalipelekea karatasi moja, kwa mfuatano, toka mtoni mpaka njiani.

"Msomee mwenzako wa dungu la pili mpaka akusikie," akawaambia. "Pepeta sasa anapata yule atakayenieleza karatasi ya jirani yake inasema nini."

Jamani, kijiji kilikosa utulivu.

"Rudia, sijasikia. Simba kafanyaje?"

"Kakohoa."

"Simba anakohoa? Soma vizuri wewe, unameza maneno."

"Njoo usome mwenyewe basi, mwenye macho."

Kwelea wakija, wanakuta mashamba yote yanapayuka, toka mtoni mpaka njiani. Wanageuza.

Kisha pepeta ikaisha. Bi Mwanamvua akapita na ungo mtupu, roho mkononi. Siwema akamwita kutoka juu.

"Bibi, Shomari kafika pale baba anashika ufunguo wa ghala, halafu karatasi yake imekwisha. Na wale wa dungu linalofuata hawasikiki. Waambie wapaze sauti."

"Pepeta hakuna tena, mjukuu wangu."

"Bibi nawe. Nimekuuliza pepeta?"

Mavuno yakaisha. Mwalimu Kibwana akafungua chuo, mzigo wake uko mlangoni, umeshafungwa. Akampa Siwema kitabu ambacho hajawahi kukiona. Siwema akasoma kwa sauti ileile ya dungu, hata mbuzi wa jirani wakakurupuka.

"Punguza, mwanangu," mwalimu akasema. "Mimi si ndege."

Akaenda mlangoni, akaufungua mzigo.

Basi funzo ndilo hilo. Mtoto mpe kitu kitamu aanze kusoma, lakini mpe na kisa kitamu, ili kile cha kwanza kikiisha yeye asiishe hamu. Hadithi yangu naiweka chini hapa, anayeitaka aiokote.

Ngojeni, kaeni. Kuna kipande nimekiruka, maana nilitaka bibi wangu ashinde bila kuguswa. Ile kona iliyoliwa, Mzee Mwinyikondo hakuitaja. Aliona haya, kwa kuwa mlinzi alikuwa mjukuu wake. Bi Mwanamvua ndiye aliyemfuata mlangoni. "Nilisema mbele ya watu," akamwambia. "Shamba ni lako." Na mzee akalichukua.

Msimu uliofuata, mpunga ulipoiva, bibi alipanda dungu katika shamba ambalo si lake tena. Siwema alikuwa kando yake. Kabla ndege hawajafika, bibi akamkabidhi karatasi.

"Anza wewe," akamwambia. "Mimi nasikiliza."