Korongo Aliyechora Mipaka Akiwa Angani

Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni, na anayesinzia jirani yake amfinye. Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na ofisi ya ramani, na mwenye ofisi alikuwa Korongo. Ndiye aliyeweka mipaka na kuzipa nyumba namba. Asiye na namba hana kwake.

Korongo alikuwa mwema, ila alijiamini kupita kiasi. Sheria ilitaka mpaka utembewe kwa miguu, majirani wa pande zote wakiwepo. Yeye ana mabawa, ya nini kujichosha? Akapaa, akatazama, akachora. Akapaa, akatazama, akachora. Akapaa tena, akaona kichuguu kirefu kati ya Bi Muhanga na Bwana Ngiri. Akaandika: mpaka wao ni kichuguu.

Jamani, muhanga anakula nini kama si mchwa? Njaa ilipoingia, Bi Muhanga akakibomoa kichuguu, akala yeye na mwanawe, wakashiba.

Ngiri huyo mbio ofisini. Akadai mpaka ni kichuguu kingine, kilichokuwa nyuma ya shimo la Bi Muhanga, na kwa hiyo shimo lile ni lake. Korongo akapaa, akaona kichuguu kimoja tu, kile cha nyuma ya shimo. Akaamuru Bi Muhanga ahame kabla ya masika.

Siku hiyohiyo Bi Muhanga akaja ofisini, mtoto kamshika mkia. Hakupiga kelele.

"Kichuguu nilikila kweli, bwana. Lakini ningejuaje kuwa ni mpaka? Siku ile hukuniita. Sasa nihame niende wapi na huyu?"

Korongo aliona haya, haya ya kukosa usingizi. Kesho yake akafanya asilowahi kufanya: akawaita majirani, akatembea nao, miiba ikimchoma miguuni.

Walipofika shimoni akamuuliza Ngiri, "Shimo hili kachimba nani?" Ngiri akatazama chini. Akamuuliza tena, Ngiri akakohoa. Alipouliza mara ya tatu majirani wakacheka, maana nani asiyejua? Ngiri hachimbi. Hata shimo analolala yeye na wanawe lilichimbwa na Bi Muhanga; mama huyo alipohama, Ngiri akaingia.

"Kosa ni langu," Korongo akasema mbele ya wote. "Niliandika chakula cha watu kuwa mpaka. Leo naandika upya: shimo ni la aliyelichimba." Akaanza kumwandikia Bi Muhanga mashimo yote mawili. Watoto wa Ngiri wakajibanza miguuni pa baba yao.

Bi Muhanga akamshika Korongo bawa.

"Lile mwandikie yeye," akasema. "Na yeye ana watoto."

Ngiri akapiga magoti pale pale mavumbini, na hadi leo mkimkuta malishoni mtamwona anakula kapiga magoti.

Hadithi yangu imeishia hapo. Kila mtu na aende kwake, na amwache mwenzake na kwake.