Mtamba Mmoja wa Kilima cha Kwemtindi

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana mabati yalishafika na redio zilishaimba, palikuwa na kijiji kilichoitwa Kwemtindi, ubavuni mwa kilima kikali. Kila masika udongo uliteremka. Mtu alipanda maharage kwake, akayakuta yameota kwa jirani wa chini. "Hodi! Nimefuata shamba langu!" watu walitaniana. Lakini mavuno yalipungua mwaka hadi mwaka.

Bibi shamba wao alikuwa Nuriati, binti mwembamba mwenye buti kubwa kuliko miguu yake. Alizoea kuwatembelea wakulima mmoja mmoja. Mara serikali ikatoa waraka: wataalamu wasiende tena nyumba kwa nyumba, wahudumie vikundi vya watu ishirini. Kijiji kisicho na kikundi hadi mwisho wa mwezi, mtaalamu wake ahamishwe.

Nuriati akapanda, akashuka, akabisha hodi. Akapata watu kumi na tisa. Siku ya mwisho akamwendea Shechambo, fundi wa bao na wa uvivu.

"Jina nitakupa, mwanangu," alisema Shechambo, macho kwenye kete. "Jembe sishiki."

"Nipe hilohilo jina, mzee!"

Wakawa ishirini. Nuriati akabaki.

Kazi ya kuchimba makinga maji, mitaro ya kuzuia maji yasibebe udongo, ikaanza. Maji huanzia juu, na juu kabisa palikuwa shamba la Mzee Kaoneka. Lilikuwa tambarare, maji yalipita hapo bila kulidhuru, yakaenda kuwaumiza wa chini.

"Mtaro huu utakula mistari minane ya viazi vyangu," alisema Kaoneka. "Mimi utanipa nini?"

Nuriati alitamani kumpamba kwa maneno. Akashindwa. "Wewe hautakupa kitu, mzee."

Kaoneka akaangua kicheko, akavua shati. "Angalau wewe husemi uongo." Akachimba siku kumi na moja.

Kisha lori likaleta majani ya kushikilia matuta ya mitaro, pamoja na agizo: yapandwe haya tu, si mengine. Mwantumu, mjane mwenye mbuzi wanne, akapanda mabingobingo, majani marefu wayapendayo mbuzi.

"Mama, unavunja agizo," Nuriati alimwambia.

"Haya ya lori mbuzi wangu hawayali, na kiangazi chetu hayakijui."

Nuriati akaandika jina la Mwantumu kwenye ripoti kuwa ni mkaidi, roho ikimsuta.

Kiangazi kikaja. Majani ya lori yakakauka yote, na mabingobingo yakasimama, kijani kibichi. Nuriati akaenda kwa Mwantumu akiwa ameona haya. "Mama, nilikosea. Naomba vipando."

Mwantumu akacheka mpaka mbuzi wakashtuka. Akakata vipando, akagawia kijiji kizima.

Masika yakamwagika siku nne mfululizo. Siku ya tano watu walikimbilia kijitoni, wakakuta maji maangavu, kokoto zinaonekana. Udongo ulikuwa umebaki kilimani! Wakacheza, wazee kwa watoto.

Habari zikafika wilayani. Wilaya ikaleta mtamba mmoja, ng'ombe jike ambaye hajazaa, mwenye madoa meusi, na barua: "Apewe mwanakikundi ambaye bila yeye kilima kisingepona. Bibi shamba ndiye atakayemtaja."

"Mwanangu," Kaoneka alianza, "maji nimeyazuia kwangu, faida wakapata wenzangu. Hakuna mwingine aliyepoteza mistari minane."

"Mtaro wako bila mabingobingo yangu ungebomoka siku ya kwanza," alisema Mwantumu. "Na mimi ndiye niliyeandikwa mkaidi."

Hapo Shechambo akasimama, akajipangusa vumbi. "Bila jina langu mngekuwa kumi na tisa, na kumi na tisa si kikundi. Binti huyu angehamishwa. Nani angewapimia hiyo mitaro?"

Watu wakacheka. Kisha kicheko kikakatika kidogo kidogo, kwa sababu alichosema kilikuwa kweli tupu.

Nuriati akashika kamba, mtamba akimlamba mkono wa shati. Alimtazama mzee aliyetoa shamba lake, akamtazama mama aliyekuwa sahihi wakati yeye amekosea, akamtazama mvivu ambaye bila yeye asingekuwapo pale. Kijiji kizima kikamkodolea macho.

Je, nyinyi mnaonisikiliza, mngekuwa Nuriati, kamba ile mngemkabidhi nani?