Moto wa Nusu Maili na Kidari cha Mbuzi

Sogeeni, na mwenye kupenda ubishi akae mbele, maana hadithi hii nimeisimulia mara nyingi na kila mara watu wameondoka wakinuniana. Msinilaumu. Mimi nitawapa yote niliyonayo, sitaficha hata punje, halafu kazi ya kuamua ni yenu.

Walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza ni Kapteni Ghanima Seif, rubani wa helikopta, mzaliwa wa Pemba, mwanamke mfupi ambaye lazima akalie mto ndipo aone mbele. Kipaji chake kilikuwa mkononi. Mafuriko yalipowazingira watu huko Kilombero, aliitua helikopta juu ya tuta la mchanga lenye upana wa jamvi moja. Mawimbi ya Ziwa Viktoria yalipofunga mitumbwi, yeye ndiye aliyepeleka chanjo visiwani. Watu walisema angeweza kuning'iniza yai kwenye kamba, akalitua juu ya sahani lisipasuke.

Wa pili ni Fundi Lukelo Mgaya, Mbena wa Njombe, fundi wa helikopta hiyohiyo. Kipaji chake kilikuwa sikioni. Siku moja kule Ruaha, walikokwenda kuhesabu tembo, alikuwa anakunywa chai huku injini ikipashwa moto. Akaweka kikombe chini, akasema, "Zima." Walipofungua wakakuta beringi ina ufa mwembamba kuliko unywele. Tangu hapo Kapteni Ghanima akawa na msemo wake: "Mume wangu akiniambia nisipande, nitapanda. Lukelo akiniambia nisipande, navua viatu."

Wa tatu hakuwahi kugusa hata tairi la ndege. Ni Mama Anasia, mjane wa kijiji cha Kirowa, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mlinzi wa mfongo, yaani mfereji wa wazee unaoshusha maji kutoka msituni hadi mashambani. Kazi hiyo alipewa baada ya wanaume watatu kuigombania mpaka wakavunjiana majembe. Kipaji chake kilikuwa maji yenyewe. Akitia kidole mferejini alijua nani kajichepushia.

"Mama Anasia, maji yamepungua!" mtu angelalamika.

"Hayajapungua. Yako kwa shemeji yako."

Na kweli, ukienda kwa shemeji unayakuta.

Sasa sikilizeni. Ulikuwa mwezi wa pili, kiangazi kimekausha hadi migomba. Wanawake tisa wa Kirowa walipanda Nusu Maili, ule ukanda wa msitu juu ya vijiji ambako watu hukata majani ya ng'ombe. Aliyewaongoza ni Elilumba, mkwe wa Mzee Kiwelu, mkubwa wa ukoo. Alikuwa na mtoto wa miezi mitano, siku hiyo amemwacha kwa bibi yake.

Saa nne asubuhi moto ukaanza chini yao. Upepo ukaupandisha mteremkoni, ukawazunguka pande tatu. Upande wa nne palikuwa na korongo la mawe ambalo hata nyani hulishuka kwa kufikiri. Mkondo wa maji ulikuwapo, lakini ng'ambo ya moto, kama hatua mia mbili.

Elilumba akampigia simu baba mkwe wake. "Baba, moto umetufungia. Tumefyeka majani yote tukabaki kwenye udongo mtupu, tumekaa katikati. Mwambie mama maziwa ya mtoto nimeyaacha kwenye chupa ya bluu." Mzee Kiwelu alifungua mdomo kujibu. Simu ikakatika.

Helikopta ilikuwa tambarare, karibu na Moshi, ikibeba vyuma vya mnara wa redio kupeleka kilimani. Ikaitwa. Ndani ya robo saa ilikuwa imetua uwanja wa shule ya Kirowa, na ndoo kubwa ya turubai ya kuzimia moto imekunjwa nyuma. Kijiji kizima kikapiga vigelegele. Vigelegele havijaisha, Lukelo akasema, "Zima."

Ghanima akazima. Akavua na viatu.

Watu walitaka kumrarua fundi. Mzee Kiwelu alimkamata ukosi. "Watoto wa watu wanaungua, wewe unasikiliza nini?" Lukelo alifungua kifuniko cha injini, akaingiza mkono mpaka kwenye bega, akatoa kidole kimelowa mafuta. Nati ya bomba ilikuwa imelegea, mafuta yanadondoka tone moja moja kando ya chuma chenye moto. Alifanya kazi dakika ishirini, na dakika zote hizo moshi ulikuwa unaonekana juu ya miti na wanaume wazima walikuwa wanalia waziwazi. Hakuruka hatua hata moja.

Alipokaza nati akaanza kutupa vitu nje. Kule juu hewa ni nyepesi, mapanga ya helikopta hayapati cha kushika, kwa hiyo kila kilo inayobaki chini ni lita moja ya maji inayopanda. Ikatoka milango, vikatoka viti vya abiria, likatoka sanduku lake la vifaa. Alipogusa mto wa Kapteni, Kapteni akamtazama, akauacha. Halafu fundi akasimama kando.

"Na mimi nabaki. Kilo themanini na mbili, ni maji mengi hayo."

"Nani atanitazamia ndoo?" Ghanima akauliza. Miaka sita hajawahi kuruka na ndoo bila macho ya Lukelo mlangoni.

"Utaisikiliza kwenye kamba, inavyovuta. Unaweza."

Na Mama Anasia je? Mnadhani alikaa akilia? Helikopta ilipotua tu yeye alitazama ile ndoo, akauliza swali moja: "Inataka kina gani?" Akaambiwa kina cha kifua cha mtu. Bwawa la mfongo, linalokusanya maji juu ya mashamba, siku hiyo lilikuwa na maji ya magotini. Mto ulikuwapo, lakini mbali. Kwenda na kurudi ni dakika kumi na mbili kwa kila ndoo, na moto haungoji.

Basi dakika zile ishirini ambazo wengine walimtukana fundi, Mama Anasia alizitumia. Alifunga matoleo yote kumi na moja ya mfongo, yaani vijimlango vya kuchepushia maji mashambani, maji yote yakaelekea bwawani.

"Maharage yangu yametoa maua leo!" jirani mmoja akapiga kelele.

"Na yangu pia. Leta jembe."

Akang'oa mlango wa jiko lake, akauziba nao mdomo wa bwawa, akaamuru vigogo vya migomba na tope. Kijiji kilichokuwa kinapiga kelele uwanjani kikajikuta kina kazi. Maji yakafika mapajani, yakafika kiunoni. Injini ilipowaka tena yalikuwa kifuani. Kingo za bwawa lile zilikuwa za udongo, na shamba lililokuwa chini yake moja kwa moja ni la Mama Anasia mwenyewe. Alijua hazitahimili. Nimemuuliza kwa mdomo wangu, akanijibu, "Nilijua tangu nilipong'oa mlango."

Sasa ikawa zamu ya mkono. Ghanima alichovya ndoo ya kwanza, akapanda nayo kwenye moshi ambamo hakuona hata ncha za mapanga yake. Hakumwaga juu ya moto mkubwa, maana huo ungeyanywa maji ukaendelea. Alimwaga kwenye mstari mmoja, kutoka kwa wale wanawake kuelekea mkondoni, ndoo kwa ndoo, kila moja ikianzia ilipoishia mwenzake, kama mtu anayetandaza mikeka. Ndoo ya tano, ya sita, ya saba. Kwenye ya nane taa ya kuonya kwamba mafuta yanakwisha ikawaka. Kwenye ya tisa upepo ulitoka korongoni ukaikumba helikopta, ukaisukuma kuelekea ukuta wa mawe, na ndoo ikayumba upande wa pili. Rubani mwingine angekata kamba aokoe roho yake, na hakuna ambaye angemlaumu. Ghanima alisikiliza kamba, akaiacha helikopta iifuate ndoo badala ya kushindana nayo, akazunguka pembeni mwa ukuta ule, akamwaga palepale palipopangwa.

Ndoo ya kumi na moja ilipomwagika, njia ilikuwa wazi. Elilumba akajifunika kitenge, akapiga kelele, "Twende, msisimame!" Wakakimbia juu ya majivu ya moto mpaka mkondoni, wakaufuata kushuka. Huko chini watu waliwahesabu walipotokea kwenye miti: mmoja, watatu, saba, tisa. Nyayo zao zilikuwa na malengelenge, nyusi zimeungua, lakini walikuwa tisa. Nikikumbuka hesabu ile mpaka leo mwili unanisisimka, na najivuna kwamba mimi ni mtu wa mlima ule.

Dakika chache baadaye ukingo wa bwawa ukapasuka. Maji yakapita juu ya maharage ya Mama Anasia na vitunguu vyake vyote.

Jumapili iliyofuata Mzee Kiwelu akatoa beberu. Akamwomba jirani yake Athumani achinje, ili Kapteni ale kwa moyo mweupe. Kwetu nyama husema. Kila kipande kina mwenyewe, na kidari hupewa mtu mmoja tu, yule ambaye siku hiyo ukoo unamheshimu kuliko wote. Kidari hakigawanywi. Ukikikata kinakuwa nyama kama nyama nyingine, na heshima imemwagika.

Mzee akasimama na sinia, kidari juu ya jani la mgomba. Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Vijana wakapiga kelele, "Rubani! Roho yake ndiyo iliyoning'inia!"

"Angening'inia wapi kama chombo kingewaka angani?" wakajibu mafundi wa gereji. "Mpeni aliyekubali kuchukiwa."

Mabibi wakagonga fimbo. "Anasia amepoteza shamba. Hao wengine wamepoteza nini?"

Mzee Kiwelu akawageukia wenyewe. Msitegemee unyenyekevu, watu wale walikuwa wanajijua.

"Mzee wangu, mimi sidanganyi kwa ajili ya adabu," akasema Ghanima. "Ndoo ile ya tisa, mkono mwingine ungeiangusha."

"Bila sikio langu," akasema Lukelo, "kungekuwa na mioto miwili, na wewe Kapteni ungekuwa ndani ya mmoja."

Mama Anasia akacheka. "Na juu ya moto mngemwaga nini? Mate?"

Mzee akamgeukia Elilumba, aliyekuwa anamnyonyesha mtoto. "Mwanangu, uhai uliookolewa ni wenu. Sema wewe."

Elilumba akampakata mtoto vizuri. "Baba, nimejaribu tangu siku ile. Namwondoa rubani, mtoto huyu anabaki na chupa. Namrudisha rubani, namwondoa fundi, anabaki na chupa. Namrudisha fundi, namwondoa Mama Anasia, ni chupa ileile. Usinitume mimi."

Basi Mzee Kiwelu amesimama na sinia, mafuta ya kidari yameanza kuganda. Rubani anatazama mlima, fundi anatazama mikono yake, mlinzi wa maji anatazama shamba lililochukuliwa. Hakuna anayeomba, na hakuna atakayemwachia mwenzake. Sinia ni moja, na lazima litue mbele ya mtu mmoja.

Je, wewe ungelitua mbele ya nani? Na wale wawili waliobaki ungewatazama usoni ukawaambia nini?