Cheti Kwanza, Mbuzi Baadaye

Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako. Watu huitaja methali hii huku wakicheka, hasa wakimsuta aliyefika karamuni sufuria zikioshwa. Maana yake ni kwamba jambo la heri halimngoji anayejivuta. Kiilu wa Makongeni, Thika, aliicheka pia alipokuwa kijana. Siku hizi haicheki.

Katikati ya miaka ya hamsini Kiilu alikuwa akivuta mnyororo wa kupimia barabara za halmashauri. Alikuwa hodari, naye aliitamani kazi ya msaidizi wa mhandisi. Lakini zaidi ya kazi hiyo alimtamani Mbithe, binti wa mzee Mbuvi, aliyechuma kahawa na babake katika shamba moja la Ruiru. Kila Jumapili baada ya ibada alipanda baiskeli kwenda kumwona, na kila Jumapili moyo wake ulibaki kule.

Kwa Wakamba, mlango wa ndoa ni mbuzi wa ntheo. Wakishapokelewa na wazazi wa msichana, huyo amekuwa wako, hata mahari ikichukua miaka kumalizika. Kanini, mamake Kiilu, alikuwa na mbuzi hao zizini, wamenona. Aliyekataa watolewe ni Kiilu mwenyewe.

"Mwaitu, siwezi kwenda kwa mzee Mbuvi nikiwa mvuta mnyororo," alimwambia mamake. "Wacha nipate cheti kwanza. Nataka waseme mhandisi amekuja."

"Mbuzi hawaulizwi wamesoma mpaka wapi," Kanini alijibu.

Kazi ile ilitaka cheti cha upimaji. Kiilu alisoma kwa posta, akakipata. Mbithe akafurahi, akangoja mbuzi. Kumbe tangazo la kazi lilikuwa limebadilika: sasa walitaka pia mtu aliyejenga madaraja chini ya mhandisi. Kiilu akaenda kwenye daraja, akavumilia matope na matusi mpaka msimamizi akamsifu. Mbithe akangoja tena. Safari hii halmashauri ikasema bila kozi ya chuo, ya miaka miwili, hapana kazi. Masharti yale yalikuwa kama kivuli cha mtu: ukikifuata, nacho kinakwenda.

Jumapili ya mwisho kabla ya kwenda chuoni, Mbithe alimsindikiza mpaka njia panda.

"Kiilu, kuna mtu anaitwa Kitheka, anashona nguo hapa mjini. Amekuja kwa baba. Baba amemwambia angoje, kwa sababu yako."

"Basi na aendelee kungoja."

"Tuma mbuzi kesho, halafu wewe nenda ukasome. Nitakungoja, lakini nitakuwa nangoja bwana yangu. Saa hii nangoja nani?"

Kiilu alitaka sana kukubali. Kisha akajiona akiingia kwa Mbuvi na suruali yake ya matope, akaona haya.

"Kozi ikiisha tu," alisema.

Mbithe alimnyooshea kola ya shati, akarudi nyumbani.

Chuoni Kiilu alimkumbuka hata katikati ya hesabu. Barua zake zilijibiwa mwanzoni, kisha zikaacha kujibiwa. Akajiambia labda ni msimu wa kahawa.

Alifaulu, akapewa kazi. Jumamosi moja akavaa suti, akawapakia mbuzi kwenye lori pamoja na mjomba wake, wakaenda Ruiru. Mzee Mbuvi aliwapa viti, akawatazama mbuzi.

"Ni wazuri," alisema kwa upole. "Lakini mwanangu, wa Kitheka walifika mwaka juzi. Nilikungoja mpaka ndugu zangu wakaanza kunisema. Mimi ningekupa hata ungekuja na jembe begani."

Siku hiyo Mbithe alikuwa amekuja kuwasalimu wazazi. Alitoka jikoni amebeba mtoto.

"Nimesikia umepata, Kiilu. Nimefurahi," alisema, na alikuwa akisema kweli.

Mtoto alinyoosha mikono, Kiilu akampokea. Alikuwa na macho ya mamake. Kiilu alimpakata akitamani asiombwe kumrudisha, na mtoto akatulia kifuani kwake. Kisha Kitheka akabisha hodi mlangoni. Mtoto aliisikia sauti ile, akageuka, akaanza kulia akimtaka babake.

Kiilu akampa Kitheka mtoto wake. Kweli, chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.