Kwa Nini Chogo Hukesha

"Uso huzima, chogo hukesha." Mmeisikia leo bwaloni, mpishi akimwambia kiranja mpya aliyekuwa akipongezwa na mpinzani aliyeshindwa, na sasa mnauliza imetoka wapi. Kaeni vizuri, watoto wa kidato cha kwanza. Mimi ni mzee wa miaka kumi na minane, na maharage ya shule hii yananifahamu kwa jina. Methali hii ilianza hivi.

Hapo kale, kabla hamjajua kutandika kitanda, bwalo letu lilikuwa na runinga ya chogo: mbele uso wa kioo, nyuma kichogo kirefu cha kutisha. Ikizima, Lutengano wa kidato cha tatu aliipiga kofi, nayo ikawaka. Kwa makofi hayo alipata jina la Fundi, nafasi ya mbele kabisa, na ukoko wa wali kutoka jikoni. Jina lile alilipenda kuliko likizo.

Wiki ya fainali ya kandanda makofi yakagoma. Mwalimu Kihwele wa fizikia akamkabidhi bisibisi Mwombeki, mwanafunzi mgeni aliyekulia kwenye karakana ya shangazi yake, fundi wa runinga. Siku hiyohiyo mpishi akaita dirishani, "Fundi! Njoo uchukue ukoko wako."

Lutengano akasimama. Mpishi akampita kwa macho, akampa Mwombeki.

Neno lile lilimkwama Lutengano kama mwiba wa samaki. Lakini alikuwa na adabu ya nje. Akampa mwenzake mkono, akatabasamu. "Hongera, ndugu yangu. Mimi sina kinyongo."

Jumamosi asubuhi Mwombeki akachomoa plagi, akafungua mfuniko wa nyuma, kisha akatia mkono wa kushoto mfukoni, akasimama tu.

"Vipi, umepoteza peremende?" akauliza Lutengano. Watu wakacheka.

"Nangoja, na kungoja peke yake hakutoshi. Chini ya ile kofia ya mpira, kwenye kioo, umeme hubaki hata plagi ikichomolewa. Mwalimu aje na waya wake, tuushushe kwenye fremu ya chuma."

"Na mkono mfukoni?"

"Ukishika kwa mikono miwili, umeme unapita moyoni."

"Kioo cheusi tii! Unaogopa maiti, Fundi?"

"Asiiguse mtu," akasema Mwombeki, akaenda kumwita mwalimu. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake: aliliacha chogo wazi mbele ya mwenye wivu.

Lutengano akajiambia, ubovu umejificha palepale anapopaogopa; nikiutengeneza kabla hajarudi, ukoko utarudi kwangu. Kwa mkono wa kushoto akashika fremu, wa kulia akauingiza chini ya kofia ya mpira.

Paa! Mpiga makofi akapigwa kofi. Alirushwa nyuma, akakaa ndani ya sufuria ya uji. Uji ulikuwa umepoa. Mungu hamtupi mja wake. Lakini midomo yake ilikuwa imepauka, na mwalimu alipofika mbio na kumshika kifua, hakuna aliyecheka tena.

"Moyo unapiga," akasema. "Wengine hawaamki." Wakampeleka zahanati.

Ndipo mwalimu na Mwombeki wakaushusha umeme uliobaki, na jioni runinga ikawaka. Lutengano akarudi mkono ukiwa umefungwa bendeji, akakuta nafasi ya mbele imekaliwa. Akatabasamu. "Hongera, Fundi. Safari hii sina kinyongo kabisa."

Mwombeki akamtazama usoni. Kisha, taratibu, akatia mkono wa kushoto mfukoni, akamzunguka, akakichunguza kichogo chake.

"Unatafuta nini huko nyuma?"

"Uso huzima," akasema Mwombeki, "chogo hukesha."

Bwalo zima likaangua kicheko. Mwombeki hakucheka. Alivunja ukoko wake vipande viwili, akampa Lutengano kile kikubwa, akasogea kumpa nafasi. "Haya, tuushushe."

Lutengano akaketi, akatafuna muda mrefu.

"Umeshuka?"

"Umebaki kidogo," akasema Lutengano.

Basi, wajukuu zangu, mkipongezwa na mtu aliyekitaka kiti mlichokalia, itikieni kwa heshima, mmegeeni ukoko, na mkono mmoja ubaki mfukoni. Uso huzima, chogo hukesha.